Mrututu Dirishani

Januari, nilipofunga uzi kwenye penseli
nikaishusha mbegu ya fuwele, ndogo kama chawa,
ndani ya chupa ya mrututu,
nje zilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri
na Mto Naryn umejifunika barafu hadi kidevuni.
Mwalimu Sabira akasema: Usiitikise.
Kinachojipanga hakipendi kuharakishwa.
Nikaiweka dirishani. Kioo kikaipoza.
Nikaandika daftarini: milimita mbili.

Chini ya sakafu ya maabara, mama yangu
alikuwa akililisha tanuri la shule,
koleo baada ya koleo, makaa ya Kara-Keche.
Siku moja nilikokotoa joto la koleo moja,
jouli milioni themanini na tano,
nikatoa theluthi inayokwenda na moshi,
nikashuka ngazi mbio kumwonyesha.
Alijifuta masizi, akasoma polepole, akauliza:
Na mgongo wangu, umeuandika mstari gani?

Jedwali la elementi ukutani ni la zamani,
linaishia ya mia na tano.
Zilizobaki nimezichora mwenyewe kwenye karatasi,
nikazigandika kwa uji wa ngano.
Zimejikunja pembe, lakini zipo.

Machi, milimita kumi na tisa.
Aprili, thelathini na mbili kasoro kidogo,
na bluu yake, sijui niseme bluu ya nini,
si ya mbingu, mbingu ya kwetu ina vumbi;
bluu ya yenyewe.
Ndipo tanuri likazimwa, madirisha yakafunguliwa,
wasichana wakaanza kushona aproni nyeupe,
Seyitbek akaazima tai tatu asiyejua kufunga hata moja.

Mei tatu: thelathini na moja nukta nne.
Mei tisa: thelathini nukta nane.
Nikadhani kalipa imeninong'oneza uongo.
Nikapima tena. Nikapima na kesho yake.
Kingo zilizokuwa zikikata mwanga
zimekuwa butu kama sabuni ya juzi.

Nilijua sababu. Niliwafundisha wenzangu sababu, kwa chaki:
maji yakipata joto hupata njaa,
hudai yalichokitoa wakati wa baridi.
Kujua hakukunisaidia.
Nililia choo cha wasichana dakika nne, nimezipima,
nikarudi kusawazisha milinganyo.

Mtihani wa taifa ukaja, ukapita.
Swali la ishirini na saba liliuliza umumunyikaji.
Nilicheka peke yangu; msimamizi akanitazama.

Siku ya mwisho maabara nilikuwa na mkasi mkononi.
Ningekata uzi, ningeifunga fuwele kwa pamba,
ningekwenda nayo Bishkek kwenye sanduku
ikae juu ya meza ya bweni, kavu, ikinitazama.
Mwalimu Sabira alikuwa akiosha mirija, hakugeuka.
Nikaurudisha mkasi mfukoni.
Nikabandika karatasi kwenye chupa:
Haijapotea. Imo majini. Msimwage.
Oktoba baridi itarudi, mpime kila Jumatatu.
Nikaacha na kalipa, ingawa ilikuwa yangu.

Kisha uwanjani, Kengele ya Mwisho.
Seyitbek, tai yake imefungwa na mama wa mtu mwingine,
amembeba begani mtoto wa darasa la kwanza,
riboni kubwa kuliko kichwa, meno mawili hayapo,
anaitikisa kengele kwa mikono yote miwili
kana kwamba ameitwa kuzima moto.

Mama alikuwa mlangoni pa chumba cha tanuri,
ng'ambo ya uwanja, akipaka mabomba rangi.
Mita mia moja na sabini, nilizihesabu kwa hatua zamani.
Sauti huenda mia tatu na arobaini kwa sekunde.
Kwa hiyo nilimtazama, na kwa nusu sekunde
mimi nilikuwa nimemaliza shule
na yeye bado ananisomesha.

Halafu brashi ikasimama hewani.